Adresse ya Kilio

Ornella hakuomba cheo kile. Hilo lijulikane mapema, maana mpaka leo kuna wanaosema alikuwa na kiherehere cha kuongoza wenzake. Uongo mtupu. Ilikuwa wiki ya tatu ya mwaka wa kwanza, kitivo cha kilimo, na Gracien aliyekuwa ameshachaguliwa kuwa mkuu wa promotion, yaani darasa zima la mwaka ule, alisimama mbele akapiga meza kwa kiganja. Akasema imebaki nafasi moja kwenye komite: mambo ya jamii. Ndoa, uzazi, ugonjwa na kilio. Nafasi ambayo kila mtu huikimbia. Mara sauti ikatoka nyuma: "Huyu wa Nguba, mwenye daftari ya marangi-marangi!" Watu wakacheka, mikono ikainuka, mambo yakaisha.

Na kweli alikuwa mtu wa daftari. Alikuwa na kalamu za rangi nne na rula ya chuma, na alipiga mstari chini ya kila kichwa cha somo. Kwao Nguba, mtaa wa Bukavu kando ya ziwa, ni nyumba ambamo kila ufunguo una msumari wake na kila sufuria ina kifuniko chake. Bustani yao inateremka hadi ukuta wa mawe, na chini ya ukuta ni ziwa. Mtoto aliyekulia mahali kama pale huanza kuamini kwamba duniani kila jambo lina utaratibu wake, na kwamba ukiufuata utaratibu huwezi kumkosea mtu. Tungemcheka, lakini wangapi kati yetu hatukuwa hivyo tukiwa na miaka kumi na tisa?

Ukumbi wa masomo, auditoire kama tunavyouita, ulikuwa umejigawa wenyewe bila mtu kuugawa. Waliotoka shule kubwa za mjini walikaa mbele na Kifaransa chao cha kupitia puani. Waliotoka Luhwindja, Shabunda, Mwenga na Kalehe walikaa nyuma, makaratasi yao ndani ya mifuko ya plastiki. Waliitwa "batu ba intérieur", watu wa ndani, kana kwamba Bukavu yenyewe iko nje ya nchi. Profesa akiuliza swali, mbele wanajibu. Akifanya mzaha, mbele wanacheka, halafu nyuma nao wanacheka baada ya mbele.

Ila mmoja. Nsimire alitoka Kalehe, kijiji cha kando ya ziwa, na siku ya kwanza kabisa alikwenda moja kwa moja safu ya pili, akakaa ubavuni mwa Ornella, akaweka mfuko wake wa plastiki juu ya meza bila aibu. Msichana mmoja alimgeukia akamwuliza kwa upole wa kejeli kama hakupotea njia.

"Sikupotea," Nsimire akasema. "Nilipanda boti, nikapanda moto ya pikipiki, nikatembea na miguu. Sikutoka mbali vile ju ya kuja kuangalia bisogo ya batu."

Ornella alicheka hadi profesa akamtazama. Urafiki wao ulianzia hapo.

Halafu ukaja udongo. Walipelekwa shambani kwa kazi ya mazoezi, vikundi vya watu wanne-wanne, kila kikundi na shimo lake na chupa zake za kupimia. Nsimire akainama, akachukua punje ya udongo, akaiweka ulimini. Yesu Maria! Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka barabarani. Yeye akatema, akajifuta mdomo, akasema udongo ule ni mkali, maharage yangeukataa, labda mihogo. Mwalimu msaidizi akapima kwa chupa zake, akapima tena, akamwuliza nani alimfundisha. "Mama," akajibu. Tangu siku ile vikundi vingine vilikuja kumwazima ulimi wake kwa siri, kabla ya kupima.

Wakagawana walichokuwa nacho. Nsimire alimfundisha Ornella kushika jembe bila kujikata kidole cha mguu. Ornella alimfundisha kuinua mkono na kusema Kifaransa mbele ya watu mia mbili bila kumeza maneno. Mwezi wa kwanza Nsimire aliinua mkono akajibu swali la botania, sentensi tatu nzima, na jioni akampigia baba yake simu ili azirudie sentensi zile tatu. Baba hakuelewa hata moja. Alicheka kwa furaha hadi Ornella akamsikia kutoka pembeni.

Mwezi wa pili bibi yake Ornella, mzaa mama, akafariki.

Ninyi mnajua kilio chetu kilivyo. Mtu akifiwa, wenzake wa promotion wanavaa mashati meupe, wanabeba sukari, majani ya chai na mchele, wanakwenda kuketi naye. Hawana maneno mengi. Wanaketi, basi, na kule kuketi ndiyo kazi yenyewe. Promotion ikaja Nguba, ikaketi mchana mmoja, ikarudi. Nsimire alibaki siku tatu. Aliosha sufuria, akawasha makaa, akalala kwenye mkeka pamoja na mama wakubwa na shangazi ambao hakuwajua. Ornella alikuwa hajaweza kulia, maana wageni walikuwa wengi na wote walikuwa wakimwangalia atalia namna gani. Nsimire ndiye aliyetangulia. Alilia kwa sauti juu ya mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, na hapo Ornella akapata kulia. Maman Anne-Marie, mama yake Ornella, ambaye hasifu mtu ovyo, alimwambia binti yake jikoni: "Huyu mutoto, balimulea."

Baada ya hapo likatokea jambo la Modeste. Modeste, kijana wa mjini mwenye viatu vya kung'aa, alimzika babu yake mwezi wa kumi na moja, kisha akamzika tena asubuhi ya mtihani wa kemia. Mara ya pili promotion iliona ni lazima iende. Walipanda mpaka mtaa wa Panzi na mashati yao meupe, na nani alikuwa kizingitini akimenya muwa? Babu. Mzee akawakaribisha vizuri kabisa, akawauliza ni sherehe gani.

Gracien alikasirika hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Yeye mwenyewe alitoka Luhwindja, alikuwa amepigania kiti kile mbele ya watoto wa mjini, na hakutaka kuchekwa. Akasema kuanzia sasa hakuna kilio bila karatasi. Ornella akaifanya karatasi hiyo nyumbani kwa mashine ya kuchapia ya baba yake, na aliifanya vizuri, na aliionea fahari. Jina la marehemu. Undugu. Siku ya mazishi. Adresse ya kilio. Chini kabisa: ambatanisha faire-part, lile tangazo la kifo lililochapwa, lenye msalaba na picha, ambalo familia za mjini hugawa.

Nsimire aliisoma akatikisa kichwa. "Kumbe kwenu mutu hakufake bila formulaire."

Wakacheka wote wawili.

Mvua ile ilinyesha Alhamisi, mwezi wa tano, saa za mchana, siku ya soko huko Kalehe. Bukavu tuliiona kwa mbali tu, weusi uliokaa kaskazini juu ya ziwa. Huko kwenyewe mito ilishuka milimani na mawe yenye ukubwa wa nyumba, ikapita katikati ya kijiji ikaingia ziwani, na ilivyopita haikuacha kitu. Ijumaa asubuhi simu zilianza kulia katika auditoire. Nsimire alipiga ya baba yake, akapiga ya mama yake, akapiga ya dada yake mkubwa. Akafunga daftari, akaondoka bila kumuaga mtu, akapanda boti ya kwanza.

Alirudi baada ya siku kumi. Ornella alipoingia alimkuta amekaa safu ya pili, mahali pake, kalamu mkononi. Amevaa viatu vya mtu mwingine, vikubwa. Alinukuu somo lote la saa mbili bila kuinua kichwa, na lilipokwisha wakatoka wakakaa kwenye ngazi za nyuma ya jengo.

"Orne," akasema, "bote."

"Bote namna gani?"

"Baba. Mama. Badogo bangu bane. Dada na batoto bake babili." Alihesabu kwa vidole, kikambakia kimoja. "Mama peke yake njo balimupata. Nilifika balikuwa banamuzika na bengine mu shimo moja, banarudisha udongo. Nilimujua na kikwembe yenye alivaa. Bale bengine balienda mu ziwa."

Ornella alimkumbatia akalia hadi kola ya Nsimire ikalowa. Nsimire hakulia. Alingoja mwenzake amalize, kama mtu anayengoja mvua ipite ili aseme alichokuja kusema.

"Minaomba kitu moya," akasema. "Promotion ikuje kuketi na miye. Kule kwetu hakuna tena nyumba, ni mawe tu. Lakini ata apa Bukavu, fasi yoyote. Siku moya tu. Nisibalilie peke yangu sawa mutu mwenye anazika umbwa."

"Tutakuja," Ornella akasema. "Nsimi, tutakuja bote."

Na mkono wake ukaingia kwenye mkoba. Ah, mkono ule! Ungevunjika njiani tungemshukuru Mungu. Msichana mwenye moyo mzuri, machozi bado yako shavuni, akatoa karatasi akaiweka juu ya goti la rafiki yake. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hushika anachokijua. Alijua Gracien angeuliza. Alijua kwamba jambo hili ni kubwa mno kwake, na karatasi ilikuwa kitu chenye mistari.

"Ujaze tu kidogo," akasema. "Ju nipeleke kwa komite."

Nsimire aliitazama. Kwa jina la marehemu palikuwa na mstari mmoja. Akaandika majina tisa kwa herufi ndogo-ndogo, yakapanda ukingoni, yakageuka, yakateremka upande wa pili. Kwa siku ya mazishi hakuandika kitu. Kwa adresse ya kilio alishika kalamu kwa muda mrefu, kisha akaandika: Ziwa Kivu.

"Na apa, pa faire-part, niweke nini?"

"Uache. Miye nitabaelezea."

Nsimire akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu, kama vile mtu anavyompa mkubwa kitu. Ornella aliuona utaratibu ule wa mikono na haukumpendeza, lakini alikuwa ameshaikunja karatasi.

Komite ilikaa Jumanne. Watu watano, darasa tupu. Ornella alieleza, na tukiwa wakweli alieleza vibaya, maana alianza kwa kusema karatasi haijakamilika. Angeanza na yale majina tisa, angeanza na shimo moja, na Gracien angesimama pale pale. Lakini alianza na kilichokosekana, basi wote wakaongea juu ya kilichokosekana. Barabara ya Kalehe imekatika. Tangazo hakuna. Nyumba hakuna. Tutaketi wapi? Gracien alishika kichwa.

"Mi namuhurumia sana," akasema. "Lakini tukifungulia mumoja bila karatasi, kesho Modeste anarudi na babu yake. Tungoje kidogo. Kutapatikana mutu wa famille, ata tonton, mujomba wake, atatupatia adresse. Hatukatae. Tunangoja."

Na kwa kuwa ilikuwa kanuni kwamba habari haisomwi mbele ya promotion kabla komite haijaipitisha, watu mia mbili waliendelea kukaa nyuma ya Nsimire na mbele yake bila kujua. Waliona amekonda. Walidhani watu wake walinusurika, maana alikuwa amerudi masomoni, na kwamba ni malaria tu.

"Inaendelea vizuri," Ornella alimwambia Jumatano. "Banashugulika."

"Aya," Nsimire akasema.

Alhamisi Ornella alipata wazo, nalo lilikuwa wazo jema kuliko yote. Alimkuta mama yake jikoni akimenya ndizi pamoja na majirani, kwa sababu Jumamosi ile watu wa mahari walikuwa wanakuja kwa ajili ya dada yake mkubwa, Emmanuella.

"Maman, kilio ya Nsimire tungeifanya apa. Mu bustani. Siku nyingine, si Samedi. Juma yenye iko na kuja."

Maman Anne-Marie akaweka kisu chini. Si mwanamke mbaya, na machozi yalimlengalenga palepale, maana hakuwa amezisahau zile siku tatu. Lakini majirani nao waliacha kumenya.

"Mutoto wangu, kilio haiingiziwake mu kiwanja fasi mutu hakukufa. Ni kuita kifo. Na miye nina binti mwenye anaenda kuolewa. Unataka tumufungulie mulango na kilio ya batu tisa?"

"Maman, yeye alitulilia..."

"Ninajua. Usiniambie, ninajua." Akaenda chumbani, akarudi na kikwembe kipya, kitenge kizuri cha rangi ya majivu. "Umupelekee hii. Umwambie ninamuombea."

Na hapa ndipo penye doa, afadhali lisemwe wazi. Ornella alipokipokea kikwembe kile, alipumua. Alipata nafuu. Alikuwa amejaribu, amekataliwa na mtu mkubwa, na sasa haikuwa tena juu yake. Nafuu ile ilimtafuna baadaye kuliko hata kosa la karatasi.

Ijumaa akampa Nsimire kikwembe. Nsimire alikifungua, akakipapasa, akashukuru. Hakuuliza habari za komite. Aliuliza jambo lingine.

"Kesho uko nyumbani?"

"Kesho ni mahari ya dada. Nilitaka nikualike, lakini nikawaza..."

"Uliwaza muzuri." Akakunja kikwembe taratibu. "Kesho miye nitakuwa pa maji, chini ya kwenu, pale bamaman banafulaka manguo. Maji ya kwetu inashukaka huku yote mbele ya kuingia mu muto Ruzizi. Batu baliniambia bintu mingi ya kwetu ilifika apa. Milango, viti. Basi nitaketi apo. Ukipata dakika, ukuje, Orne."

"Nitakuja," Ornella akasema. Na alikuwa anamaanisha.

Jumamosi nyumba ilijaa. Mahema mawili bustanini, viti vyenye nguo nyeupe, wajomba waliovaa suti za zamani zinazobana. Ornella alivaa gauni lililoshonwa sare na la dada yake, na kazi yake ilikuwa kupitisha sinia la vinywaji. Saa nane mchana, msemaji wa upande wa bwana harusi akiwa bado anazunguka na maneno, akasikia sauti kutoka chini. Haikuwa kubwa. Muziki ulikuwa umezimwa kwa ajili ya hotuba, vinginevyo asingeisikia.

Alikwenda ukutani na sinia mkononi. Chini, kwenye kipande kile cha ufuko chenye mawe ya kufulia, kulikuwa na mkeka. Nsimire alikuwa ameketi juu yake na kikwembe cha majivu kiunoni, miguu ameinyoosha mbele, akilia kwa lugha ya kwao, akiwaita mmoja mmoja kwa jina. Na hakuwa peke yake. Wanawake watano au sita waliokuja kufua walikuwa wameacha mabeseni yao na sabuni yao, wameketi kumzunguka. Hawakumjua. Hakuna aliyewaambia. Mwanamke akimwona mwingine ameketi chini vile, haulizi karatasi. Mmoja alikuwa amemshika mgongo kwa nyuma ili asianguke, mikono yake bado ina povu.

Nsimire aliinua kichwa akatazama juu.

Kwenye ukuta kuna mlango mdogo wa chuma, na ufunguo wake unaning'inia palepale kwenye msumari. Ngazi za kuteremka hazifiki arobaini. Ornella aliweka sinia juu ya ukuta. Aliweka kweli. Kisha akajitazama gauni, na dhahabu ya bandia kifuani, na viatu. Akasikia mama yake nyuma, sauti ya chini, ya kusihi zaidi kuliko ya kuamuru: "Ornella. Bageni."

Akajiambia: dakika kumi. Wamalize hotuba tu.

Akachukua sinia. Hotuba ikaisha, wakataja ng'ombe, wakabishana kwa kicheko, wakakubaliana. Emmanuella akatolewa ndani, vigelegele vikapigwa, picha zikapigwa, na mpiga picha akasema yule mdogo wa bi harusi asimame pale, sasa asimame hapa. Alipopata nafasi ya kukimbilia ukutani jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima na ufuko ulikuwa mtupu. Alishuka hata hivyo. Alisimama kwenye mawe na gauni lake, akamwita Nsimire mara mbili kwa sauti ndogo, akaona aibu, akapanda.

Jumatatu hakungoja komite. Aliingia auditoire, akampita Gracien, akapanda pale anapokaa profesa, na akasema yote. Alianza na majina tisa. Aliyasoma moja moja hadi la mwisho. Akasema kuhusu shimo. Akasema kuhusu karatasi na nani aliyeitengeneza. Mahali pa Nsimire, safu ya pili, palikuwa patupu.

Aliyesimama kwanza alikuwa Modeste. "Nani alikataa tusiende?" akauliza. "Ni ju yangu? Ni ju ya ile mambo yangu?" Gracien alilia mbele ya watu wote, mikono usoni. Mbele na nyuma wakasimama pamoja. Msichana yuleyule aliyemwuliza Nsimire siku ya kwanza kama amepotea njia akasema twende leo, twende sasa hivi, kwa nini hatukuambiwa? Hapo ndipo Ornella alipoelewa kwamba watu hawa wangekwenda popote. Wangeketi barabarani. Wangeketi ziwani na suruali zao. Wiki nzima walikuwa tayari, na hawakujua.

Walikwenda Jumanne, wote, mashati meupe, wakipanda vichochoro vya Kadutu mmoja nyuma ya mwingine hadi watu wakawa wanawapisha na kutoa kofia. Walibeba mkeka mpya, sukari, mchele, majani ya chai. Chumba alichopanga Nsimire kilikuwa nyuma ya nyumba ya mama mmoja mnene aliyetoka na kijiko cha ugali mkononi akawaona wamejaa mpaka njiani, akapiga yowe.

"Nani amekufa? Apa kwangu hakuna kilio! Musiniletee kilio!"

Gracien akamweleza. Mama akatulia, akajipiga kifua. "Yule mutoto? Alienda juzi, Dimanche, na boti. Bamaman bamoja hivi balikuja kumusindikiza, hata balikuwa hawajui jina yake, banamuita tu mutoto wetu. Alinirudishia ufunguo."

Wakasimama pale mteremkoni, mia mbili, hawajui pa kuweka mkeka.

"Umuite," Gracien akasema.

Ornella akapiga. Simu iliita kwa muda mrefu. Ilipopokelewa palikuwa na upepo mwingi na sauti za watu wanaoitana kwa mbali.

"Allô, Orne."

"Nsimi, tuko apa kwako! Promotion yote. Balivaa blanc, mashati ya kilio. Tulileta mukeka, tulileta kila kitu."

Upepo. Kisha: "Bote balikuja?"

"Bote. Ata Modeste."

"Banapanda ile mulima yote? Ubaambie aksanti. Ubaambie sana."

"Utarudi lini? Nimekunakilia masomo yote, ata botania."

"Sirudi, Orne." Alisema bila hasira, kwa ile sauti aliyokuwa nayo siku zote, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Miye nilikuwa nabasomea bale. Kila wakati ya vacances, masomo ikifungwa, baba ananiketisha inje, niseme Français, majirani basikie. Sasa nitasemea nani? Niko apa pa ziwa na bengine, tunatafuta. Jana balipata mutoto, lakini haikuwa wetu."

"Basi tunakuja huko. Kesho. Tutapanda boti, tutaketi kwa mawe, fasi yoyote..."

"Apana. Kilio ilishaisha. Bale bamaman balininyoa Samedi, balininawisha. Mukikuja sasa munakuja kunirudisha mu kilio. Hatufanyake vile, unajua."

Alijua. Kila mtu anajua. Mtu akishanyolewa, hakuna tena kuketi.

"Nsimi," akasema, na sasa alikuwa amegeuka ukutani ili wenzake wasimwone, "Samedi, miye nilikuwa..."

"Nilikuona." Upepo ukapita, sauti ikapotea, ikarudi. "Uliweka sinia. Nikasema, anakuja. Maman mumoja alitaka kuketi apo ku mukono yangu ya kuume, nikamukatalia, nikabaambia iyi fasi ina mwenyewe. Balitaka kuninyoa saa kumi, nikasema tungoje kidogo. Tulikungoja mpaka jua ilizama, Orne. Njo bakaninyoa."

Kisha simu ikakatika, labda mtandao, labda yeye.

Ornella aliitia simu mkobani. Alipogeuka walikuwa wote wanamtazama, jasho likiwatoka, wengine wamekalia magunia ya mchele.

"Amesema nini?" Gracien akauliza.

"Amesema aksanti," Ornella akajibu. "Amesema aksanti sana."

Wakapumua wote. Wakamwachia yule mama mchele na sukari, wakaanza kuteremka wakizungumza kwa sauti ya chini, na njiani Modeste akamshika Ornella bega akamwambia kwamba kwa kweli amefanya kazi nzuri.